Egemeo la Musyu Gaudry

Mimi si mwoga wa kuzaliwa. Waulize majirani zangu hapa Stoke, mji wa viwanda vya kauri Uingereza, watakuambia Kezia Tunnicliffe mdomo wake hauna kufuli, na mchungaji wetu akiniona upande huu wa barabara alikuwa anavukia upande wa pili. Lakini majira yale ya baridi tulipokuwa tukitengeneza mtungi wa maonyesho ya Paris, niliogopa. Niliamka nikiogopa, nikala nikiogopa, nikaimba tenzi za Jumapili nikiogopa. Mtu asikudanganye kwamba hofu huzoeleka. Haizoeleki hata kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Dada yangu Leah alifanya kazi chumba cha kuchovya, pale vyombo vinapotumbukizwa kwenye maji yenye madini ya risasi, sumu tupu, ili vikitoka tanurini ving'ae. Aliingia mle msichana mwenye afya yake, akicheka ovyo. Mwaka wa nne vifundo vya mikono vikamlegea. Akinyoosha mkono, kiganja kinaning'inia tu, hakiinuki. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga vifungo vya nguo na kumlisha supu. "Kezia," alikuwa akiniambia, "usije ukaingia mle. Wakuahidi nini sijui, usiingie." Basi mimi nilikuwa nimeshaandikwa jina. Kiwandani kwa Bwana Aldersey, dada akishindwa kazi, mdogo wake ndiye anayekalia kiti.

Aliyeniokoa ni Mfaransa.

Walikuwa wengi kwetu siku hizo, hao Wafaransa. Matajiri wa kauri walikuwa na wazimu wa vitu vya kwao: rangi ya waridi ya Kifaransa, vitoto vyenye mabawa vya Kifaransa, nakshi za dhahabu za Kifaransa, na kila mwenye duka London anataka meza yake ionekane ya mfalme wa kule. Wetu waliiga mpaka wakachoka. Kisha Waprusi wakaizingira Paris, mafundi wa kule wakakimbia na burashi zao, wakaja kutua kwetu kwenye moshi. Musyu Gaudry, ndivyo wasemavyo "bwana" kwao, alikuwa mmoja wao, mtu mfupi, mpole, aliyetazama chapati zetu za shayiri kama mtu aliyepewa sumu. Siku moja alinikuta ghalani nikichora bata kwa kidole kwenye vumbi la udongo. Akasimama weee, kisha akasema, "Wewe. Njoo juu." Hivyo tu. Bwana Aldersey alikuwa hamkatalii kitu, maana Musyu alikuwa amemwahidi medali, kwa hiyo nikapanda ngazi, na chumba cha kuchovya kikabaki chini kikinisubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kichaa. Mtungi ulikuwa mbichi, haujaonja moto, wa kijani cha giza, umesimama juu ya meza unanipita kichwa nikiwa nimeketi. Juu yake tunapaka uji mweupe wa udongo kwa burashi, tabaka moja, unangoja likauke, tabaka la pili, unangoja, mpaka thelathini na arobaini, na mwili wa mwanamke unaanza kuinuka pale. Kisha unachonga kwa kichuma chembamba: pua, nywele, mikunjo ya shela. Ukiacha weupe mwembamba, moto ukipita ule kijani unaonekana kwa ndani, na shela linakuwa shela kweli. Ndio ufundi wa Kifaransa huo, na wetu hakuna aliyeuweza.

Lakini udongo mbichi hausamehe. Ukiugusa kwa kidole, alama. Ukiukwaruza, basi tena, kiraka chochote kitapasuka tanurini. Wanawake wa chumba cha chini, wanaochora maua kwenye sahani zilizokwisha kuchomwa, walikuwa wakituliza mkono kwa kuegemeza kidole cha mwisho kwenye sahani. Huku juu huegemezi kitu. Mkono unaelea hewani toka asubuhi mpaka jioni.

Wanaume wao walikuwa na egemeo. Ni kipande cha mbao tu, kama kibenchi kidogo, kinapita mbele ya chombo bila kukigusa, unalaza kigasha chako juu yake na mkono unatulia. Mwanamke haruhusiwi. Hakuna karatasi iliyoandika hivyo, lakini kila mtu Stoke alijua, tangu bibi zetu. Mama mmoja wa kiwanda cha jirani alithubutu. Wachoraji wote wakaweka burashi chini, wakakunja mikono, wakakaa kimya. Kabla ya chakula cha mchana yule mama alikuwa nje getini na shali lake, na katika miji yetu yote sita ya kauri hakupata tena hata kazi ya kufagia.

Sasa mwambie Mfaransa hayo.

"Tumia hili," akaniambia Musyu wiki ya tatu, akinisogezea la kwake. Bega langu lilikuwa limevimba hadi shingoni.

"Hilo la wanaume, Musyu."

"La wanaume? Mbao ina ndevu?"

"Wataniua."

"Nani akuue? Kwetu wanawake wote wanatumia. Mke wangu alitumia. Mama mkwe wangu alitumia, na yule alikuwa na mkono wa mwashi. Tumia, binti, miezi ni michache."

Nilikataa siku ile. Nikakataa na kesho yake. Siku ya tatu kichuma kiliteleza, kikapita unywele mmoja tu kando ya shavu la yule mwanamke wa udongo, nikaliona jicho la Musyu likifumba. Mtungi ukiharibika, Musyu hana kazi, na msaidizi wa mtu asiye na kazi anarudi chini. Nikalivuta lile egemeo, nikalaza mkono.

Jamani. Mstari ulitoka wenyewe! Nilichonga nywele za yule mwanamke mmoja mmoja, kutoka kwenye paji mpaka kwenye fundo, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikasikia mtu anapanda ngazi. Nikalisukuma egemeo upande wa Musyu, nikashika burashi, moyo unapiga hata nadhani unasikika. Alikuwa mleta makaa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi kuanzia siku ile. Kila hatua kwenye ngazi, mate yananikauka. Mlango ukilia, jasho jembamba. Jioni nikifika nyumbani Leah ananiuliza, "Mbona umekonda? Huyo Mfaransa anakunyima chakula?" nami namwambia ni baridi. Sikumwambia hata yeye. Chama cha wachoraji, cha wanaume watupu, kilikuwa na masikio mpaka kwenye masufuria.

Na kichwa cha chama alikuwa Ndugu Enoch Mountford.

Ningependa kukuambia Enoch alikuwa mtu mbaya, ingenirahisishia. Hakuwa. Alikuwa mchoraji wa ndege, hodari kupita wote, ndege wake ungedhani wataruka. Kanisani ndiye aliyeongoza darasa letu la Biblia. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenishika bega kaburini na kulipia jeneza nusu. Sauti yake haikupanda hata siku moja. Kwa hiyo alipoingia chumbani kwetu Alhamisi moja, kofia mkononi, akisema amekuja kuniuliza kama nitaimba siku ya Pasaka, nilijikuta nimesimama wima.

"Nitaimba, Ndugu Enoch."

"Vizuri." Akaugeukia mtungi. "Ndio huu wenyewe?" Akauzunguka pole pole. Akatoa kioo chake cha kukuzia mfukoni, akainama kwenye nywele za yule mwanamke. Alikaa pale muda mrefu. "Musyu," akasema bila kuinuka, "nywele hizi umechonga wewe?"

Egemeo lilikuwa upande wa Musyu. Alichotakiwa ni kusema ndiyo. Neno moja tu!

"Mimi? Hapana, hapana!" Mfaransa wa watu akang'aa uso mzima. "Kezia! Zote, Kezia! Mkono wa malaika, eh?"

Enoch akanyooka, akanigeukia. Hakukunja uso. Aliniangalia tu, kisha akaangalia lile egemeo mezani, kisha akarudisha kioo mfukoni.

"Mkono wa malaika," akasema. "Haya. Pasaka njema kabla ya siku yake, mwanangu."

Alipotoka nikaketi chini sakafuni. Musyu akanipepea na daftari, anauliza nini, nini, nimesema vibaya nini? Nilimweleza mara mbili. Mara ya pili akaelewa, na uso ukampauka.

Usiku ule sikulala, asubuhi nikapanda ngazi vilevile, ningekwenda wapi? Saa nne nikawasikia. Hawakuwa mmoja. Walikuwa wanapanda taratibu, bila kuongea, buti nzito, na huko chini kelele zote za kiwanda zilikuwa zimekoma. Hapo ndipo nilipojua burashi zimewekwa chini.

Waliingia wanne. Enoch mbele. Nyuma yake Silas Bott, mchoraji wa mandhari, mtu wa mzaha ambaye kila nilipomwona alikuwa amelewa au anacheka, na leo hakuwa hivyo wala hivyo. Wengine wawili walibaki mlangoni, wakauziba.

"Kezia," alisema Enoch, "mimi nimeshika burashi miaka thelathini na moja. Mstari wa mkono unaoelea naujua. Unapumua. Una mtetemo kidogo, hata wa fundi. Nywele zile hazina. Kwa hiyo nakuuliza mbele ya Mungu, umeegemea?"

Nikaweka burashi mezani.

"Mimi!" Musyu akaruka katikati. "Nilidanganya jana! Nilijisifia msichana wangu. Kazi yote yangu. Yeye anaosha burashi tu, naapa."

"Ahaa," Silas akasema. "Anaosha burashi. Basi Mfaransa hahitaji fundi wa kuosha burashi, ataosha mwenyewe, ana mikono miwili. Chumba cha kuchovya wamepungukiwa mtu tangu Leah aumwe."

Nikisema nimechonga, nimeegemea, niko getini na miji sita imenifungia. Nikisema sikuchonga, niko chini kwenye risasi kabla ya jioni. Nilimtazama Enoch usoni nikitafuta yule mtu wa makaburini.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," akasema. "Wewe ukikaa na egemeo, Aldersey atakupa wewe kazi yangu ya ndege, kwa nusu ya ninachopata mimi. Kisha wasichana arobaini wa chini nao watataka. Mimi nina watoto sita. Silas ana wanne. Tutakula mbao?"

"Nimechonga mimi," nikasema.

Silas akatazamana na Enoch.

"Nimechonga mimi, na mkono ulikuwa hewani."

Uwongo mtupu! Ulinitoka bila kupiga hodi. Silas akaguna, "Wacha we!" Musyu akajishika kichwa.

"Basi tuonyeshe," alisema Enoch. "Bado nini hapo?"

Kilichobaki upande ule kilikuwa upindo wa shela, mstari mmoja kutoka begani mpaka kisiginoni, urefu wa kigasha changu, unaopita juu ya nyonga na goti bila kusimama. Nilikuwa nimeukwepa wiki nzima.

"Nipe kigae cha kujaribia," nikasema.

"Si kwenye kigae. Kigae hakina cha kupoteza, mkono utatulia. Hapo hapo."

"Hapana!" Musyu akalia. "Miezi miwili! Enoch, rafiki yangu, miezi miwili! Ukikwaruzika hakuna Paris, hakuna kitu!"

"Basi aseme aliegemea, na mtungi wako utabaki salama."

Wote wakanigeukia. Nikachukua kichuma. Nikabana magoti kwenye mguu wa meza. Nikainua mkono. Ulikuwa mzito, wa mtu mwingine kabisa, na ncha ya kichuma ilikuwa inacheza mbele ya macho yangu, inacheza, inacheza. Nyuma yangu nilimsikia Silas akipumua kwa pua. Nikamwomba Mungu, sikumwomba vizuri, nilisema tu, shika, shika, shika. Nikavuta pumzi, nikaifungia, na nikagusa bega la yule mwanamke.

Nilishuka. Kwapani, kiunoni. Udongo mweupe ulikuwa unajikunja mbele ya ncha kama maranda ya jibini. Nyongani mstari unapinda, nikapinda nao. Kifua kilianza kuwaka kwa kukosa hewa. Gotini niliona ncha inataka kuruka, nikauma ulimi hadi nikaonja damu, haikuruka. Kisiginoni nikainua kichuma, na ndipo mkono ukaanza kutetemeka, wote, hadi begani, nikauficha chini ya aproni wasiuone.

Enoch alitoa kioo chake. Aliufuata mstari toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu. Musyu alikuwa akilia waziwazi bila haya.

"Umenyooka," alisema Enoch mwishowe. "Silas, tazama."

Silas akatazama. "Mama yangu," akasema.

"Nimekusingizia, Kezia. Niwie radhi, mbele ya watu hawa." Enoch alinipa mkono, nami nikampa wa kushoto, akadhani ni kiburi. Kisha akaliokota lile egemeo mezani, akalipangusa vumbi. "Musyu, hili litakaa kwangu. Ukitaka kuchora wewe, utaniita nikuletee. Si kwamba sikuamini, ni kuondoa maneno ya watu. Na huyu binti ametuonyesha hana haja nalo."

Wakashuka. Baada ya muda kidogo kelele za chini zikarudi, mtu mmoja hata akapiga mluzi. Musyu alinibusu mashavu yote mawili, akacheza peke yake kuzunguka mtungi, akisema tumeshinda, tumeshinda, Kezia! Alikuwa na furaha kiasi kwamba sikuwa na moyo wa kumwambia chochote. Upande wa pili wa mtungi ulikuwa bado, na pale palikuwa na wanawake watatu.

Mchana Bwana Aldersey mwenyewe alipanda, na sigara yake. Habari ilikuwa imeshamfikia. "Basi huyu ndiye mwenye mkono!" akasema. Akaniambia mitungi haiendi sokoni mmoja mmoja, watu wanaweka miwili juu ya meko, na kwamba wa pili niufanye mimi, Paris wanausubiri mwezi wa nne. Nikasema asante, bwana. Ungesema nini wewe?

Enoch alikuwa anapita kila siku, saa tisa, kama saa ya kanisa. Nadhani mwanzoni alikuja kunipeleleza. Baadaye nadhani alikuja kwa sababu alipenda kuona kazi, fundi ni fundi tu. Alikuwa ananiletea kipande cha keki ya mkewe ndani ya karatasi. Mimi nilikuwa nikiisikia hatua yake nakaza meno, nainyoosha shingo, namsubiri aondoke ndipo niishushe mikono kwenye ndoo ya maji ya moto ambayo Musyu alikuwa ananiwekea chini ya meza.

Wiki ya tisa ya mtungi wa pili kidole cha mwisho kilikufa ganzi, na cha pembeni yake kikafuata. Nilivichoma na sindano, sikusikia. Nikamficha Leah, nikamficha Musyu, nikawa nakunywa chai kwa kukumbatia kikombe na viganja vyote viwili, nawaambia ni baridi. Mtungi wa pili ulikuwa umebakiza uso wa mwanamke wa kati, na upindo wa shela lake.

Siku moja ya wiki hiyo Enoch alikuja mapema. Hakusimama nyuma yangu kama kawaida yake. Alivuta kiti akaketi mbele yangu, mtungi katikati yetu, na kofia magotini.

"Kezia, mkono unauma?"

Musyu aliacha kukoroga uji.

"Ukiuma sema, mwanangu," alisema Enoch, taratibu, kama mtu anayemsemesha mgonjwa. "Hakuna aibu. Utasema tu kwamba siku ile ilikuwa bahati, na kwamba nywele zile uliegemea. Nitakutafutia maneno mbele ya chama. Ila huku juu hutakaa, hilo unalijua."

Nilimwangalia usoni. Alikuwa anajua yote, egemeo na vidole. Alikuwa ameshajua zamani, sijui tangu siku gani.

"Hauumi, Ndugu Enoch."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi endelea," akasema, akaweka kofia chini, akakunja mikono. "Leo sina haraka. Nitatazama."

Nikachukua kichuma kutoka mezani, nikakiinua mpaka kwenye bega la yule mwanamke. Vidoleni sikuhisi kitu, ikabidi niuangalie mkono wangu nione kama nimekishika.